Miaka sita niliita "gastriki", kumbe ni bakteria. Wagumu wenzangu na wote mnaoumwa chembe ya moyo, piteni hapa

#1 Mgumu wa Pasua (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mkazi wa Pasua hapa Moshi, kazi yangu ni Mlima Kilimanjaro. Nimebeba mizigo miaka tisa (sisi wapagazi ndio tunaitwa wagumu), sasa hivi naongoza wageni kama msaidizi. Nimeamua kuandika kwa sababu wiki iliyopita pale kambi ya Barafu nilimkuta kijana wetu anameza diklofenaki mbili kwa mpigo kwa ajili ya magoti, tumbo tupu, halafu anatafuna kidonge cha magnesiamu juu yake "ili zisiunguze". Nilimwangalia nikajiona mimi mwaka 2021. Nilimnyang'anya, akanuna, lakini tukakaa nje ya hema nikamsimulia. Nawasimulia na ninyi.

Kwetu Kibosho tumbo lilikuwa na sheria zake. Mama yangu aliacha maharage nikiwa darasa la nne. Akaacha pilipili, akaacha machungwa, akaacha kiburu kwa sababu ya maharage yake. Akizidiwa alilamba magadi kidogo, akanywa maziwa, akajilaza. Ugonjwa ulikuwa na jina moja tu: gastriki. Kwa hiyo mwaka 2015 chembe ya moyo iliponianza kuwaka, hasa usiku wa manane nikiwa na njaa, sikushtuka. Nilijua ni ya ukoo, kama mtu anavyorithi upara. Nikaanza kufuta vyakula kimoja kimoja kama mama. Nikila kidogo inatulia, baada ya saa mbili tatu inarudi.

Mwaka 2016 nikaenda maabara moja hapa mjini. Wakanitoboa kidole, baada ya robo saa jibu likatoka: una bakteria wa tumbo, pailori. Nikapewa vidonge vya siku saba. Siku ya nne nikapigiwa simu, kuna safari ya siku sita njia ya Machame. Vile vidonge vilikuwa vinaufanya mdomo uchachuke kama nimelamba betri, nikaviacha kwenye droo. Niliporudi tumbo lilikuwa limetulia, nikahesabu nimepona.

Moto ulirudi kabla ya Krismasi. Nikaenda maabara ileile, kidole kilekile, jibu lilelile, vidonge vilevile. Nilifanya hivyo mara tatu ndani ya miaka minne. Hakuna hata siku moja niliyoambiwa nirudi kupima kama mdudu ametoka. Wala hakuna aliyeniambia kwamba kile kipimo cha damu kisingeweza kunijibu hilo swali hata kama ningerudi.

Septemba 2021 magoti yalikuwa yamechoka, nikawa nameza diklofenaki kila jioni kambini. Tulipolala Karanga nikaona choo changu cheusi, kinanata, kinang'aa kama lami ya barabarani. Nikasema ni dagaa wa jana. Kesho yake Barafu, nilipoinama kukaza kamba ya hema nikaona giza. Moyo unapiga kama nimekimbia. Wenzangu wakasema mlima umemshika, ateremshwe. Walikuwa sahihi kuniteremsha, lakini haukuwa mlima. Nilikuwa navuja damu tumboni tangu siku mbili nyuma, na dalili zake zinafanana kabisa na za kukosa hewa ya kutosha: kizunguzungu, kuhema, moyo kwenda mbio, kuishiwa nguvu. Mtu aliyezoea mlima miaka tisa akishikwa ghafla, muulizeni na choo chake kikoje. Ni swali la aibu, nakubali, lakini ulizeni.

Mweka nilifika nikiwa nimeshikwa mabega na watu wawili. Hospitali wakapima wingi wa damu, ilikuwa 6.8. Nikaongezewa chupa mbili. Kesho yake wakanipitisha ule mpira wenye kamera, endoskopi. Kulikuwa na kidonda mwanzoni mwa utumbo mdogo, na ukuta wa tumbo lenyewe ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu. Wakanyofoa vinyama vidogo kama punje ya mtama, kimoja wakakitumbukiza kwenye kijichupa chenye jeli ya njano. Muuguzi akaniambia, kaka, angalia hii rangi. Nikiwa bado na ulevi wa dawa ya usingizi nikaona ile njano inageuka pinki.

Hiyo pinki ndiyo iliyonibadilisha. Naendelea kesho nikipata chaji.

#2 Ndizi Mshare

Pole sana mkuu, Mungu ni mwema uko hai. Naomba ukiendelea utuambie huyu mdudu anaingiaje. Mimi nipo Rau na huku kilabuni kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ni moja, inazunguka watu kumi. Ndiyo njia yenyewe au?

#3 Mkulima wa Ngaramtoni

Kaka asante kwa kuandika, mimi ni dada yako niko Ngaramtoni, Arusha. Nina kesi inayonichanganya. Nimepima damu mara mbili, zote nina bakteria. Mwezi uliopita nikapima choo kikubwa, wakasema sina. Ila tumbo linaniuma vilevile, na miaka miwili sasa namezea omeprazo, ile ya kushusha asidi, ya duka la dawa kila asubuhi, nikiacha siku mbili silali. Niamini kipimo kipi?

#4 Mgumu wa Pasua (mleta uzi)

Chaji imepatikana. Dada wa Ngaramtoni, swali lako nalijua jibu lakini nasubiri mtu wa maabara alijibu vizuri kuliko mimi. Najua wamo humu.

Nirudi kwenye pinki. Daktari alikuja jioni akakaa pembeni ya kitanda, akanieleza kwa utulivu sana. Jina lake kamili huyu mdudu ni Helikobakta pailori. Umbo lake limejisokota kama skrubu na ana mikia ya kuogelea. Tumboni kuna asidi kali inayoua karibu kila kiumbe, yeye anaishije? Ana kimeng'enya kinaitwa urisi. Kinachukua urea, ambayo mwili wenyewe unaitengeneza, na kuigeuza amonia. Amonia inapoza asidi inayomzunguka, anajitengenezea kama hema lake, halafu anajisokota ndani ya ule ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo na kutulia chini yake. Ile jeli ya njano ina urea ndani. Kinyama chenye mdudu kikiingia, amonia inatokea, rangi inageuka. Nililoliona ni yeye anafanya kazi yake mbele ya macho yangu.

Sasa mwili unamwona. Unatuma askari wake, chembe nyeupe za damu, wanajaa kwenye ukuta wa tumbo, lakini hawamtoi. Vita inapiganwa nyumbani kwako miaka kumi, ishirini, arobaini, na inayoumia ni nyumba. Huo uvimbe usioisha ndio wenyewe madaktari wanaita gastritisi sugu. Hata mtu asiyesikia maumivu kabisa, akiwa na mdudu huyu ukuta wake umevimba. Hapo nilimkatisha daktari. Nikamuuliza, sasa maharage yamefanya nini? Akasema maharage yanaleta gesi, pilipili inaweza kuchokoza mahali palipokwisha kuumia, lakini havijawahi kuzaa bakteria. Niliwaza miaka yote ya sahani ya mama yangu.

Ndugu zangu, hata madaktari wenyewe walichelewa kulijua hili. Kwa muda mrefu walifundishwa kwamba tumboni hakuna bakteria anayeweza kuishi, na vidonda ni vya mawazo na asidi. Mwaka 1979 huko Perth, Australia, Robin Warren, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia vinyama kwenye hadubini, akaanza kuwaona hawa waliojisokota, na kila walipokuwapo palikuwa na uvimbe. Akaungana na daktari kijana, Barry Marshall. Walijaribu kuwaotesha maabara wakashindwa mara nyingi, mpaka Pasaka ya 1982, sahani zilipoachwa kwa sababu ya sikukuu zikakaa siku nyingi kuliko kawaida. Wakaota. Kumbe wanakua polepole tu. Watu wengi hawakuwaamini, na mwaka 1984 Marshall, akiwa na miaka 32 na tumbo zima lililopimwa kabla, akanywa kikombe cha hao bakteria. Siku chache akaanza kutapika na mdomo kunuka, wakamchungulia, gastritisi imeshaanza. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Mimi ninayepandisha watu kilele najua kidogo kuhusu kuhatarisha mwili kwa ajili ya kazi, ila yule mtu alinizidi.

Ndizi Mshare: wengi wetu tulimpata utotoni, kabla hata hatujajua kushika kata. Anapita ndani ya familia, kwa mate, kwa matapishi, kwa kinyesi kinachofika mdomoni kupitia mikono na maji. Bibi anayemtafunia mjukuu nyama halafu anampa, na hilo linatajwa. Kata moja sitaitetea, lakini usidhani ukiacha kilabu umemkwepa, huenda unaye tangu una miaka mitatu. Karibu nusu ya watu duniani wamewahi kukadiriwa kuwa naye.

Na kwa wagumu: mnakumbuka wageni wanaposimulia yule mtu wa barafu aliyekutwa milima ya Alps mwaka 1991, aliyekaa kwenye barafu miaka zaidi ya 5,000? Mwaka 2016 wataalamu walichapisha kwamba tumboni mwake walikuta alama za mdudu huyuhuyu. Ni wa zamani kuliko tunavyodhani.

#5 Maabara Usiku

Habari zenu. Nafanya kazi maabara Arusha, sitasema wapi. Dada wa Ngaramtoni, ngoja nikujibu kwa makini kwa sababu kesi yako naiona karibu kila wiki.

Kipimo cha damu hakimtafuti mdudu. Kinatafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili kwamba uliwahi kukutana naye. Ukitibiwa ukapona, kumbukumbu inabaki miezi mingi, kwa wengine miaka. Kwa hiyo positivu ya damu inaweza kuwa ya leo au ya mwaka juzi, kidole hakisemi. Mleta uzi inawezekana mara ya pili na ya tatu alitibiwa kwa kumbukumbu, inawezekana mdudu alikuwapo kweli kwa sababu aliacha dawa siku ya nne. Kwa kipimo kile hatutajua kamwe.

Kipimo cha choo kinatafuta vipande vya mdudu mwenyewe. Kipimo cha pumzi kinatumia ile urea, unakunywa, kama yupo anaivunja na alama yake inatoka kwenye pumzi. Kinyama cha endoskopi hivyohivyo, yupo au hayupo.

Lakini hapa ndipo ulipoteleza, dada, na si kosa lako. Omeprazo inamfanya mdudu apungue na ajifiche bila kufa. Ukipima choo huku unaimeza, unaweza kuambiwa huna na huku unaye. Tunataka uache omeprazo na jamaa zake wiki mbili kabla, na antibayotiki yoyote iwe imepita wiki nne. Jibu lako la mwezi uliopita mimi nisingelihesabu. Ongea na daktari jinsi ya kukaa hizo wiki mbili, dawa za kutafuna za kupoza asidi zinaweza kukushikilia wakati huo.

Watu wengi wanaoleta kichupa cha choo kwangu hawaulizwi swali hilo dirishani. Mimi nauliza. Wakati mwingine mteja anakasirika nikimwambia arudi baada ya wiki mbili, anaona namzungusha.

#6 Tiba za Bibi

Mbona mnakimbilia vidonge tu? Huku kwetu Marangu watu wametibu vidonda vya tumbo kwa shubiri, asali, unga wa mbegu za papai na juisi ya kabichi tangu enzi. Mjomba wangu alikunywa shubiri miezi mitatu hasikii kitu mpaka leo. Antibayotiki zinaua hata bakteria wazuri.

#7 Mgumu wa Pasua (mleta uzi)

Mkuu wa Marangu, sikudharau, mama yangu amekunywa vyote ulivyotaja ukiacha kabichi. Asali imejaribiwa maabara na ndani ya sahani inamzuia asikue. Ndani ya tumbo la mtu, kumtoa kabisa, hapana, haijaonyeshwa. Mjomba kutosikia maumivu nafurahi naye, lakini nimeeleza hapo juu, huyu mdudu anaweza kukaa kimya miaka na ukuta unaendelea kuvimba. Mjomba apime choo. Akikuta hana, nitakuja Marangu mwenyewe kumpa mkono.

Kuhusu bakteria wazuri, ni kweli, na ndiyo sababu inabidi utibiwe mara moja tu, umalize dozi yote, baada ya kupimwa kwa uhakika. Mimi nimemeza antibayotiki mara nne kwa ugonjwa uliotakiwa kutibiwa mara moja. Waliopata hasara ni hao bakteria wazuri wangu.

#8 Mama wa Watatu, Kijenge

Samahani naingilia. Mwanangu ana miaka saba, kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma pembeni ya kitovu. Mimi nilishaambiwa nina pailori. Nimpime na yeye?

#9 Maabara Usiku

Mama, mpeleke kwanza kwa daktari wa watoto aone mengine: minyoo, choo kigumu, mkojo, hata hofu ya shule. Watoto wengi wa mazingira yetu wanaye na hawaumwi kwa sababu yake, kwa hiyo miongozo haishauri kuwapima kila tumbo likiuma. Akitapika damu, choo kikiwa cheusi, akipungua uzito, akiamshwa usiku na maumivu, au akiwa na upungufu wa damu usiopona kwa dawa za kuongeza damu, hapo habari inabadilika, usisubiri.

Wewe mwenyewe ulitibiwa? Na ulipima tena?

#10 Mama wa Watatu, Kijenge

Nilitibiwa. Sikupima tena. Sikujua kama kunapimwa tena.

#11 Kaunta ya Himo

Mimi niko duka la dawa muhimu, Himo. Nimesoma uzi wote nikajisikia vibaya, nataka niseme ukweli wangu. Mtu anakuja na shilingi elfu mbili, anasema nipe dawa ya vidonda vya tumbo. Nampa anachoweza. Anapoa, wiki ijayo anarudi. Nina wateja ambao nimewauzia hivyo zaidi ya mwaka. Sijawahi kumwambia hata mmoja akapime, niliona namfukuza mteja.

Kingine ni zile antibayotiki. Wapo wanaokuja na karatasi ya kifurushi cha dawa za pailori wanataka vidonge vya siku tatu tu kwa sababu ndiyo pesa waliyonayo. Nafahamu sasa hivi klarithromaisini, mojawapo ya antibayotiki hizo, imeanza kushindwa na mdudu huyu sehemu nyingi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liliweka pailori sugu kwa klarithromaisini kwenye orodha yake ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Na sisi kwenye kaunta tuna mchango wetu kwenye usugu huo. Kuanzia wiki hii kila anayeomba dawa ya tumbo kwa mara ya tatu namwandikia kwenye karatasi: kapime choo, acha omeprazo wiki mbili kwanza.

#12 Kiboriloni Sokoni

Baba yetu alifariki kwa saratani ya tumbo. Alianza hivihivi, kiungulia, kubeua, magadi. Tuko watoto watano. Je, huyu mdudu ndiye? Naogopa hata kuuliza.

#13 Mgumu wa Pasua (mleta uzi)

Poleni sana na msiba wa mzee. Nilimuuliza daktari wangu swali hilo kwa sababu ya mama, nitakueleza kama alivyonieleza, Maabara Usiku anisahihishe.

Tangu mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), limemweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Njia yake ni ndefu. Gastritisi ikikaa miaka mingi, kwa baadhi ya watu zile tezi za tumbo zinaanza kunyauka, ukuta unakuwa mwembamba, asidi inapungua. Halafu ukuta wa tumbo unaanza kufanana na wa utumbo. Kutoka hapo kwa wachache seli zinaharibika hadi saratani. Ni safari ya miongo. Idadi kubwa ya wenye mdudu hawafiki huko, wanaofika ni kama mmoja au wawili katika mia. Lakini mtoto wa aliyefariki kwa saratani ya tumbo ni kati ya watu ambao kupima kunashauriwa hata kama haumwi, kwa sababu ukimtoa mapema unaikata safari katikati. Ninyi watano mpime. Kama yupo anayepungua uzito, chakula kinakwama akimeza, au anatapika mara kwa mara, huyo asiishie kwenye kipimo cha choo, aende kuchunguliwa. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wanafanya endoskopi.

#14 Maabara Usiku

Sina la kusahihisha. Naongeza moja: msijilaumu kwa magadi ya mzee. Yalimpoza, mlimpa mlichokuwa nacho.

#15 Mgumu wa Pasua (mleta uzi)

Nimeteremka jana. Siku sita bila mtandao, nakuta kurasa mbili za maswali na wengi mnauliza dozi. Sitaandika dozi hapa, wapo wenye mzio wa penisilini na mtu anaweza kufa. Naandika tu jinsi ilivyokuwa kwangu ili mjue mnaingia kwenye nini.

Zilikuwa dawa nne, siku 14. Ya kushusha asidi, nusu saa kabla ya kula, asubuhi na jioni. Antibayotiki mbili, moja ikiwa metronidazo, ile ya mdomo kuchachuka. Na ya nne ina bizmuthi, inayogeuza choo na ulimi kuwa vyeusi. Nilipokiona hicho choo nilitaka kukimbia hospitali kwa viatu vya mke wangu. Kumbe ni rangi ya dawa. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya hivyo. Cha kuvuja damu kinanata, kinang'aa, kinanuka vibaya sana, na mwenyewe unakuwa huna nguvu.

Siku ya tano nilitaka kuacha. Kichefuchefu, kuharisha kidogo, kila kitu kina ladha ya msumari. Mke wangu aliandika namba 1 hadi 14 kwa mkaa ukutani jikoni, kila usiku anafuta moja. Safari mbili za mlimani zilinipita. Ilikuwa msimu, pesa iliniuma, mwenye nyumba alikuja mara mbili. Nawaambia wagumu ukweli huu kwa sababu najua ndiyo inayotuachisha dawa siku ya nne. Kama una njia ya kuchagua, anza dozi mwezi wa nne au wa tano mvua zikiwa nyingi na mlima hauna watu. Ila kama unavuja damu hakuna cha msimu.

Nilipomaliza niliambiwa nisubiri wiki nne kamili, nikasubiri sita, ya asidi niwe nimeiacha wiki mbili za mwisho. Nikapeleka choo. Sina. Mwaka jana kampuni moja ilitupima afya kabla ya msimu, wakanitoboa kidole, yule kijana akaniambia una pailori, nikuandikie dawa. Nikamwambia mdogo wangu, hiyo ni kumbukumbu. Tukapima choo tena. Sina.

Lingine ambalo hamkuuliza: mdudu akifa, ukuta haunyooki siku hiyohiyo. Askari waliojazana mle wanaondoka polepole, kwa wengine miezi, hata zaidi ya mwaka. Miezi mitatu baada ya kupona nilikuwa bado naamka na kiungulia. Ningekuwa sina jibu la choo mkononi ningerudi maabara nianze upya. Magoti yangu sasa napaka, nafunga bandeji, nikishindwa nameza parasetamo. Diklofenaki na ibuprofeni kwangu basi. Hizo dawa zinapunguza kile kinga ya ute wa tumbo, na mdudu naye anaichimba, wakikutana wote wawili hatari ya kuvuja inakuwa kubwa kuliko kila mmoja peke yake.

Mama. Nilimteremsha kutoka Kibosho akapima mwaka 2022, alikuwa naye. Yeye walimchungulia, tezi zilikuwa zimeanza kunyauka, na vitamini B12 ilikuwa chini, kumbe ndiyo chanzo cha zile ganzi za miguu tulizosema ni uzee. Akatibiwa, anachomwa sindano za B12. Ukuta ulionyauka haurudi wote, daktari alituambia hivyo bila kuficha, kwa hiyo anafuatiliwa. Krismasi iliyofuata dada yangu alipika kiburu, ndizi na maharage, mama akakaa na sahani mbele yake muda mrefu. Alikula vijiko vitano. Akaniuliza, hivi haya maharage ndivyo yalivyo siku zote? Nilitoka nje.

#16 Mkulima wa Ngaramtoni

Kaka, Maabara Usiku, nimerudi. Nimeacha omeprazo wiki mbili. Wiki ya kwanza nililala nimekaa, mto tatu, daktari aliniruhusu za kutafuna. Jana nimepeleka choo. Ninaye.

Nimelia kidogo, halafu nikajisikia vizuri kwamba kuna kitu kina jina. Daktari amenipa za siku 14, naanza kesho asubuhi. Mume wangu ana kiungulia naye, ameambiwa apime wiki ijayo. Swali langu ni moja: Jumamosi ya wiki ijayo kuna harusi ya mdogo wangu Machame, na mbege nimeagiza mwenyewe. Kikombe kimoja cha heshima nikinywa mbele ya wazee kuna shida?

#17 Mgumu wa Pasua (mleta uzi)

Dada, angalia kwenye pakiti kama kuna metronidazo. Kama ipo, hata kikombe kimoja hapana, mpaka siku tatu baada ya kidonge cha mwisho. Ukichanganya na pombe wengine wanatapika vibaya na moyo kwenda mbio, halafu utatapika na dawa yenyewe. Pokea kikombe kwa mikono miwili, mpe mume wako akunywee, wazee wataelewa ukisema uko kwenye dozi. Kidonge cha jioni kibebe kwenye mkoba, sherehe za Machame huwa zinachelewa.

Na hesabu kwenye kalenda leo hii: siku 14, halafu wiki nne, ndipo urudi maabara na choo. Weka na ile ya kuacha omeprazo tena. Ukipata jibu liandike hapahapa.